Mtungi Nyuma ya Kiti cha Nahodha

Kabla hajamtia machoni hata siku moja, Beldina alikuwa ameshamchukia Nabwire kwa sababu ya kikombe cha maji.

Kikombe chenyewe kilikuwa cha bati, chenye ua jekundu ubavuni, na Beldina ndiye aliyempelekea mumewe Jumamosi moja jioni, mwaka ule wa El Nino mvua iliponyesha mpaka vyura wakachoka kulia. Mumewe, Obiero, alikuwa nahodha wa boti ya mbao yenye injini iliyotoka visiwani kwenda Kisumu na abiria, mikeka na magunia ya dagaa wa omena, ikigusa ufuo wao wa Seme njiani. Alirudi nyumbani kila Jumamosi, na kila Jumamosi, kabla hajavua viatu, kabla hajauliza habari za Tom mwana wao, alikunywa maji ya mtungi wa mkewe. Vikombe viwili, bila kupumua. Siku ile alikunywa robo, akakunja uso, akakiweka kikombe chini.

"Maji ya huku imeanza kunuka," akasema. "Ya boti ni tamu."

Kwa mtu mwingine hayo yangekuwa maneno ya mwenye kiu. Kwa Beldina yalikuwa msumari. Mtungi ule alipewa na mama yake siku alipoolewa. Ulikuwa mtungi wa udongo mweusi, wenye shingo fupi na tumbo kubwa, uliokaa kwenye mchanga mbichi pembeni mwa chumba miaka yote ya ndoa yake. Nyanyake alimfundisha tangu utotoni kwamba nyumba ni mtungi. Mwanamume mwenye wake watatu ana mitungi mitatu, na ukitaka kujua ni wanawake gani anaowahesabu kuwa wake, usimsikilize anachosema, tazama anakunywa kwa nani. Na mke hagusi maji ya mke mwenziwe, nyieka, mpaka awe amemkubali moyoni. Akiyanywa, amemkubali, na habari imeisha. Labda hiyo ilikuwa sheria ya Wajaluo wote, labda ilikuwa sheria ya nyanya peke yake. Beldina hakuwahi kuuliza tofauti.

Na ukweli ni kwamba maji yalikuwa yameharibika. Gugumaji lilikuwa limetanda ufuoni kama zulia, kijani kibichi juu na uozo chini. Beldina aliingia ziwani hadi kifuani alfajiri, akayasukuma majani kando, akachota, akachuja kwa kitambaa, akatia shabu, akachemsha. Harufu ikabaki pale pale. Alijua kwamba inanuka. Ndiyo maana alikasirika zaidi.

"Hiyo ya boti inatoka wapi?" akauliza, akijitia hamnazo.

"Ya mvua. Nabwire anaikinga na turubai, anachuja na mtungi yake. Ameiweka tu pale nyuma ya kiti yangu."

"Nabwire ni nani?"

"Ni mama moja wa kuuza mitungi. Anatoka Samia. Ugali iko?"

Wanaume wana kipaji hicho, cha kudondosha kaa la moto kwenye paa la nyasi halafu kuulizia ugali.

Kesho yake baada ya kanisa, Beldina alimweleza Lornah, mke wa shemeji yake. Lornah alikuwa mtu wa aina ile ambayo moto wako ukianza kufifia, atakuletea kuni bila kuombwa.

"Ngoja, Mama Tom," akasema Lornah, akaketi vizuri. "Mwanamke ameweka mtungi nyuma ya bwana yako, na bwana yako anakunywa?"

"Anakunywa."

"Yawa! Hiyo si boti tena. Hiyo ni nyumba iko na injini."

"Si labda ni maji tu..."

"Lisemwalo lipo, dada yangu. Kama haliko, linakuja."

Wiki ile Beldina hakulala vizuri. Alimuumba Nabwire kipande kwa kipande, akampa shingo ndefu, akampa kiuno chembamba, akampa kicheko kidogo cha puani na jino la dhahabu juu yake. Alipomaliza kumuumba akamwonea gere. Mvua ilipopiga mabati ya nyumba yake, mvua ile ile iliyokuwa ikistawisha mahindi yake, aliisikia ikianguka kwenye turubai la boti. Hata mawingu yalipokusanyika juu ya ziwa aliona yanakwenda kwa yule mwanamke.

Alhamisi akafunga gunia la njugu, akashuka ufuoni, akaisubiri boti. Siku nyingine zote akienda kuuza Kisumu alitembea hadi Kombewa, akapanda gari, akapitia Otonglo, akateremkia soko la Kibuye. Obiero alimwona amesimama majini na gunia kichwani, akashangaa.

"Kwani gari ya Kombewa imekufa?"

"Barabara imeharibika na mvua," akajibu Beldina. Wala hakusema uongo, imeharibika kweli.

Akapanda. Akatazama nyuma ya kiti cha nahodha. Mtungi ulikuwepo. Ilikuwa mitungi miwili kwa kweli, mmoja umekalia mwingine, na wa chini umekalishwa juu ya kata ya majani ya mgomba kwa uangalifu, jinsi kitu kinavyokalishwa na mtu asiyetaka kukihamisha. Kando yake alikaa mwanamke.

Hakuwa na shingo ndefu. Hakuwa na jino la dhahabu. Alikuwa mnene wa kadiri, miguu imepasuka visigino, sweta limefumuka kiwiko, rika la Beldina mwenyewe. Huenda mwingine angefurahi. Beldina aliumia zaidi. Angekuwa mrembo, Beldina angeelewa, kwa mrembo mwanamume huvutwa na macho, na macho huchoka. Lakini huyu alikuwa mwanamke kama yeye. Basi Obiero alikuwa amefuata nini huku, kama si maji yenyewe?

Mvua ikaja kabla hawajafika mbali, na Beldina akayaona yote kwa macho yake. Nabwire akainuka, akamwita Zadock, fundi wa injini, wakalegeza kamba za turubai, Nabwire akatupa jiwe katikati yake ili lijikunje kama tumbo. Maji ya kwanza akayaachia yamwagike ziwani.

"Hiyo ni ya kuosha mavi ya ndege," akamweleza mtu ambaye hakuuliza.

Yaliyofuata akayakinga kwa ndoo pembeni, akayamimina kwenye mtungi wa juu kupitia kitambaa cha gunia la sukari. Humo ndani kulikuwa na makaa, na mchanga, na kokoto chini kabisa, na kitako cha mtungi kilikuwa na tundu dogo. Maji yalishuka humo polepole yakadondokea kwenye mtungi wa chini, tone kwa tone, na abiria walikaa na vikombe vyao wakisikiliza kama watu wanaosubiri chai iive. Na kikombe cha kwanza kilipojaa, Nabwire hakumpa abiria. Alimpa nahodha, kwa mikono miwili, akikunja magoti kidogo kama wafanyavyo kwao.

Beldina aliyaona yale magoti. Mengine yote angeweza kuyasamehe.

Obiero akanywa. Akamaliza. Akarudisha kikombe, kikajazwa tena. Viwili, bila kupumua.

"Mama Tom, karibu maji," Nabwire akamgeukia, uso umemjaa tabasamu. "Huyu bwana yako anakutaja kila siku."

"Sina kiu."

Karibu na Kisumu, mji ukiwa unaonekana kabisa, mabati yake yanang'aa, upepo ukageuka. Gugumaji lililokuwa limelala upande wa kusini likaamka, likaja likielea, likaizingira boti pande zote. Zadock akazima injini kabla majani hayajalikaba panga lake la kusukuma maji. Wanaume wakashika miti wakasukuma, wakasukuma, boti ikasogea hatua ya kuku. Jua likatoka baada ya mvua, kali, na mvuke ukapanda kutoka kwenye yale majani. Ikabidi kusubiri upepo ubadilike.

Watu walikunywa mtungi wa Nabwire mchana kutwa. Mzee aliyebeba kuku alikunywa. Mama mwenye mimba alikunywa. Pasta aliyekuwa akienda mkutanoni alikunywa akashukuru kwa sala fupi. Kila mara Nabwire alimtazama Beldina, na kila mara Beldina alisema hana kiu, midomo imemkauka hata akitamka maneno inanatana.

"Wewe, kunywa maji," Obiero akamwambia.

"Nimesema sina kiu. Ama kiu yangu ni yako?"

Jioni abiria walihamia mbele ya boti wakaimba nyimbo za kanisa kujipa moyo. Beldina alibaki ubavuni peke yake. Akatazama nyuma, Nabwire anaimba. Akatazama kitini, Obiero anaimba. Akateremsha mkono katikati ya majani, akachota kwa kiganja, akanywa. Akachota tena. Maji yalikuwa na ladha ya matope na mizizi iliyooza, lakini hayakuwa ya Nabwire, na kwa hiyo yakamshukia vizuri.

Asubuhi upepo ukafungua njia wakafika. Beldina akauza njugu zake Kibuye, akalala kwa binamu yake, akarudi botini Jumamosi akijisikia mzito. Nabwire alikuwepo pia, anarudi visiwani baada ya kumaliza kuuza mitungi yake. Hawakuwa wamefika mbali tumbo la Beldina lilipofunguka. Kutapika kukafuata. Mara moja, mara nyingine, halafu bila kuhesabika, mpaka akawa anatoa maji matupu, macho yameingia ndani na ngozi ya mikono imekunjamana kama ya bibi kizee.

Mtu mmoja akalitamka lile neno lililokuwa likitembea ufuo mzima mwaka ule, kipindupindu, na abiria wakasogea mbele wote, boti ikainama upande mmoja. Nabwire hakusogea. Alimkalisha Beldina, akamwegemeza kifuani mwake, akamfunika kwa mkeka. Obiero akamwachia Zadock usukani, akaja akapiga magoti. Hospitali ya Kombewa ilikuwa mbali bado, na wote walijua mtu akikaukiwa hivi hafiki.

Nabwire akachota maji mtungini, akachanganya sukari na chumvi kidogo, kama akina mama walivyofundishwa kliniki, akakileta kikombe kwenye midomo ya Beldina.

Beldina akakaza meno.

"Kunywa, Mama Tom," Obiero akasema. "Nyasaye, Mungu wangu, kunywa!"

Akatikisa kichwa. Obiero akajaribu kumfungua mdomo kwa vidole, akang'atwa.

"Kwa nini? Kwani unataka kufa?"

Ndipo Beldina, kwa sauti ndogo iliyowafikia wote kwa sababu boti nzima ilikuwa imenyamaza, akatoa kilichokuwa rohoni. "Nikikunywa mtungi yake, nimekubali yeye ni nyieka wangu. Sikubali. Heri nikufe na nyumba yangu."

Zadock kwenye usukani akasema, "Yawa," basi. Nabwire alibaki ameshika kikombe, anamtazama huyu mwanamke aliyelala kifuani mwake, na taratibu uso wake ukabadilika kadiri alivyoelewa.

"Eti mimi na Obiero?" akauliza. Akageuka kwa watu. "Zadock, wewe unakunywa hapa?"

"Kila siku," Zadock akajibu kwa woga.

"Pasta alikunywa hapa. Mzee wa kuku alikunywa hapa. Sasa hawa wote ni mabwana zangu? Mimi hata huyo moja wa kwanza alinishinda, nikamzika nikapumzika!"

Mtu akacheka mbele. Beldina hakucheka. Meno yalikuwa yamekazwa vile vile, na macho yalikuwa yameanza kupanda juu. Wivu hauachiliwi kwa maneno mazuri, na Nabwire, aliyekuwa ameishi na wanawake maisha yake yote, aliliona hilo. Akaacha kubishana.

Akamlaza Beldina kwenye magoti ya mumewe. Akauinua mtungi wa juu akauweka kando. Akaunyanyua ule wa chini, uliokuwa umejaa mvua ya siku mbili, mtungi aliouchagua mwenyewe kati ya yote aliyofinyanga, akayamimina maji yote kwenye sufuria ya boti, ile kubwa ya kupikia chai, ambayo haikuwa ya mtu yeyote. Halafu akaubeba mtungi mtupu hadi ukingoni akautupa.

Haukuzama. Uliangukia juu ya gugumaji ukakaa wima, shingo juu, kama kuku aliyeatamia, na boti ikauacha pale.

"Haya," Nabwire akasema, akihema. "Mtungi haiko. Imeenda. Hii ni maji ya Mungu iko kwa sufuria. Kunywa sasa, mjinga wewe, mtoto yako anakungoja nyumbani."

Beldina alitazama ule mtungi ukienda nyuma kwenye kijani. Alitazama sufuria. Kisha akafungua mdomo.

Walimnywesha kikombe baada ya kikombe mpaka ufuoni Seme, na kila alipotapika walianza upya. Sufuria ilikaribia kuisha walipofika. Obiero alimfunga mgongoni mwake juu ya baiskeli ya kukodi, Zadock akakimbia nyuma ameishika, mpaka Kombewa, na pale hospitalini wakamtundikia maji ya mshipa, wakamrudisha duniani.

Siku alipoweza kukaa, Obiero alikuwa kando ya kitanda, kofia mikononi.

"Ungekufa kwa sababu ya mtungi," akasema.

"Siku ile ulikunywa robo tu ya maji yangu," Beldina akamjibu.

Obiero akafikiri sana. Miaka yote ile hakuwahi kujua kwamba koo lake linatazamwa. Akasema pole. Hakujua anaomba radhi kwa lipi hasa, lakini alilisema kwa moyo, na Beldina akalipokea kwa sababu hakuwa na nguvu ya kulikataa.

Nguvu ziliporudi, zilirudi na kero mpya. Nabwire alikuwa amemwokoa. Mtu akikuokoa huwezi kumchukia kwa raha. Beldina alijaribu, akilala akimfikiria kwa ubaya, lakini kila mara aliuona ule mtungi juu ya majani. Alijiuliza kama yeye angeweza kuutupa wa kwake, ule wa mama yake, kwa ajili ya mwanamke anayemkazia meno. Jibu alilijua, na hilo nalo likamtia wivu. Hata kwa wema huyu mwanamke alikuwa amemshinda!

Asubuhi moja akaumwaga mtungi wa mama yake, akausugua ndani na nje, akaweka kata kichwani, akautwika. Lornah alimwona akipita.

"Mama Tom, unapeleka nyumba wapi?"

"Kazini," Beldina akasema bila kusimama.

Boti ilipogusa ufuo, akaingia. Mtungi wa juu wa Nabwire ulikuwa bado pale nyuma ya kiti cha nahodha, umeinuliwa kwa mawe, ukidondosha maji yake kwenye beseni la plastiki lililopasuka. Nabwire mwenyewe alikuwa kando yake. Hawakusalimiana. Beldina aliliondoa beseni, akaweka kata, akaukalisha mtungi wa mama yake, kisha akashika upande mmoja wa ule wa juu na kungoja. Nabwire akaelewa, akashika upande wa pili. Wakaukalisha wa Nabwire juu ya wa Beldina, ukatulia kana kwamba yote miwili ilifinyangwa pamoja.

"Na nyumbani mtakunywa na nini?" Nabwire akauliza.

"Jerikani."

Mvua haikuwaacha wangoje sana. Walilegeza kamba pamoja, Beldina akatupa jiwe, likaenda mbali mno, Nabwire akalisogeza kwa mti. Maji yakashuka, makaa, mchanga, kokoto, tone kwa tone. Abiria wakasikiliza.

Nabwire alikuwa wa kwanza kushindwa kujizuia. Kicheko kilimpanda, si cha puani, cha tumboni.

"Sasa niambie, Mama Tom. Hii nyumba ni ya nani?"

Boti nzima ikageuka. Obiero akajifanya ana shughuli na usukani. Beldina alikuwa ameliwaza swali hilo tangu hospitalini, na jibu lake alikuwa nalo.

"Maji inapita kwako," akasema. "Lakini inalala kwangu."

Watu wakacheka mpaka boti ikayumba, Zadock akapiga kifuniko cha injini kwa kiganja, na Nabwire akafuta machozi kwa lile sweta lililofumuka kiwiko. Hakuteta. Alichukua kikombe cha bati, akamnyooshea Beldina, kisha akageuza uso akatazama ziwa.

Beldina akachota kikombe cha kwanza, akampelekea nahodha mwenyewe, kwa mikono miwili, na magoti akayakunja kidogo, vile alivyoona yanakunjwa.